Jina Lililozikwa na Jina Lililoandikwa: Uhakiki wa Maandishi ya Misalaba, Nyeri hadi Doldol

Wahakiki wetu wamezoea kuianzia fasihi andishi kitabuni. Kisichopigwa chapa na kutiwa jalada huachiwa wanaanthropolojia, au huwekwa katika fungu la kazi za mikono pamoja na vikapu na shanga. Kwa sababu hiyo yako maandishi mengi ambayo watu huyasoma kwa makini kuliko wanavyosoma riwaya, lakini hayajapata mhakiki. Makala haya yanashughulikia fungu moja dogo la maandishi hayo, yaani majina yanayoandikwa kwa brashi juu ya misalaba ya mbao katika miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Nanyuki hadi Doldol, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Nanyuki, ambako nyanda kavu za Laikipia zinapakana na msitu wa Mukogodo.

Hapana budi tuanze na bahasha, kwa kuwa mkono unaoandika msalaba ulifunzwa na bahasha. Vijijini Kenya barua haipelekwi mlango hadi mlango. Huja katika sanduku la posta, na kwa miaka mingi sanduku hilo aghalabu lilikuwa la shule, la kanisa au la duka. Mwandishi wa barua alilazimika kulipanga jina la mpokeaji kwa namna ambayo mwalimu au mwenye duka angelitambua upesi: jina kwa herufi kubwa, chini yake "kwa mkono wa" fulani, kisha sanduku, kisha mji. Vijana wa shule za bweni waliongeza maua pembeni, mistari miwili ya rula chini ya jina, na kivuli cha wino mwekundu nyuma ya kila herufi. Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana. Basi bahasha ndiyo hodi. Fani yake yote inalitumikia jina la mtu ambaye ataitika.

Msalaba huichukua fani ile ile ukaipeleka kwa asiyeitika. Seremala anayetengeneza jeneza ndiye mara nyingi anayetengeneza na msalaba: mbao mbili zilizopigwa randa, rangi nyeupe, na herufi nyeusi zilizopangwa kwanza kwa penseli. Jina hukaa kwenye ubao wa kukingama. Tarehe za kuzaliwa na kufariki hufuata chini yake. Siku ya maziko msalaba hutangulia jeneza, pamoja na picha ya marehemu iliyotiwa fremu na shada la maua, na kabla ya kwenda kaburini vitu hivi huweza kuonekana vimewekwa pamoja juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mithili ya madhabahu ya siku moja. Tukiitazama lugha ya msalaba tunakuta kanuni chache tu: "alizaliwa", "alifariki", "pumzika kwa amani", au zile herufi tatu za Kilatini, R.I.P., ambazo wengi huzidhania kuwa za Kiingereza. Maneno haya hayana umbuji, wala si haki kuyadai umbuji. Ni viunzi. Kilicho hai katika matini hii ni jina, na hapo ndipo fundi anapofanya kazi ya mwanaisimu bila kupewa shahada.

Kazi yenyewe si ndogo. Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa kuweka kiwimbi juu ya i na u. Juu ya ubao wenye upana wa kiganja, kiwimbi ndicho cha kwanza kuachwa, Mũthoni akawa Muthoni. (Tusimlaumu fundi peke yake, kitambulisho alicholetewa ili anakili jina kilikuwa kimekwisha kukiacha.) Katika Kimaa mambo ni magumu zaidi. Sarufi ya Tucker na Mpaayei ya mwaka 1955 ilikwisha kueleza kwamba toni ndiyo inayotofautisha nomino iliyo kiima na nomino iliyo shamirisho, na tahajia ya kawaida haionyeshi toni. Kwa hiyo jina la Kimaa likisimama peke yake juu ya ubao halimwambii msomaji kama mwenyewe ni mtenda au mtendwa. Msomaji hulitia toni kwa sauti yake mwenyewe, yaani hulikamilisha kwa kulitamka.

Na kulitamka ndiko kwenye tatizo. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya lugha na ngano za Wamasai kilichotolewa mwaka 1905, alieleza kwamba mtoto, morani au mwanamke akifa, jina lake nalo lilizikwa: jamaa zake hawakulitaja tena. Kama jina hilo lilikuwa limetokana na neno la kawaida, neno lenyewe liliachwa katika boma lile na jingine likashika nafasi yake. Mfano alioutoa ni wa jina Olonana, ambalo asili yake ni ulaini. Akifa mtu asiye mashuhuri aliyeitwa hivyo, watu wa boma lake wangetafuta neno jingine la kutajia kilicho laini. Mzee aliyeacha watoto hakuingia katika mwiko huo. Jina lake halikuzikwa, kwa kuwa wazao wake walilirithi. Wanaleksikografia watakubali kwamba ni nadra kuona kifo cha mtu mmoja kikigusa msamiati kwa uwazi kiasi hicho.

Hollis hakuandika juu ya Doldol, na yafaa tahadhari. Wayaaku wa Mukogodo walikuwa wawindaji na warina asali waliozungumza lugha ya jamii ya Kikushi, na walihamia Kimaa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Bernd Heine alipochapisha maelezo yake juu ya Kiyaaku katikati ya miaka ya 1970, wasemaji waliobaki walikuwa wachache; Lee Cronk aliitolea historia ya mgeuko huo kitabu kizima mwaka 2004. Jamii inayohama lugha huhamia na miiko yake, lakini haibebi miiko yote, wala haiibebi kwa uzito mmoja. Hata hivyo hatuwezi kuusoma msalaba wa Doldol kana kwamba umesimama Nyeri. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Kabla ya misheni si kila Mkikuyu aliyezikwa kaburini. Wengi waliachwa porini, na ukumbusho wao ukawa mjukuu anayeitwa kila siku kuja kula. Basi msalaba wa Nyeri unarudia jina ambalo nyumbani bado linatamkwa. Msalaba wa morani au wa mtoto, katika boma ambamo mwiko ungali na nguvu, unalianika jina ambalo watu wa boma wamefunga vinywa wasiliguse. Mbao ni zile zile na rangi ni ile ile, lakini matini ni mbili.

Yuko atakayesema kwamba ukimya ni wa zama zilizopita na kwamba kuandikwa ni heshima ambayo kila maiti anaistahili. Hoja hii ina uzito mkubwa katika nchi ya Mlima Kenya kuliko mahali pengi. Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, ana barabara Nairobi, ana sanamu iliyozinduliwa mwaka 2007, ana chuo kikuu Nyeri. Lakini alizikwa gerezani bila alama. Hapo ukimya ulikuwa sehemu ya adhabu, na aliyeuamuru hakuwa jamaa yake. Mhakiki asiyetofautisha jina lililozikwa na wenyewe na jina lililonyimwa na serikali ya kikoloni atavichanganya vitu viwili vinavyofanana kwa sura tu.

Tena herufi si njia pekee. Elimo Njau, msanii wa Tanzania aliyesoma Makerere, alichora ukutani mwa kanisa la ukumbusho la Murang'a picha tano za maisha ya Yesu, akazimaliza mwaka 1959. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Yesu wa picha zile ni Mwafrika, na nchi iliyo nyuma yake ni ya huko huko, hata mwombolezaji anaweza kumwona wake bila jina lolote kuandikwa. Na juu ya kaburi la Baden-Powell mjini Nyeri, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941, chini ya maandishi yote pana duara lenye nukta katikati, alama ya njia ambayo maskauti huisoma kuwa amekwenda nyumbani. Kwa anayeijua, alama hiyo hutangulia kusomwa kuliko jina.

Kutokana na haya, naona kwamba ubora wa msalaba wa mbao hauko mahali ambapo wapenzi wa sanaa za mikono huutafuta. Wao husifu unyoofu wa herufi na kusikitika kwamba rangi haidumu. Kwa maoni yangu kutodumu huko ndiko kunakoufaa Doldol. Jua la Laikipia hulipausha jina, mchwa huula mti kutoka chini, na baada ya miaka kadhaa ubao hurudi kuwa ubao. Familia iliyoandika kwa sababu kanisa na majirani walitazamia iandike haikulazimika kufuta. Muda umeizikia jina. Marumaru na saruji haviwapi wafiwa nafasi hiyo. Bango la plastiki lililochapishwa kwa mashine, lenye picha ya marehemu yenye ukubwa wa mlango, ni baya zaidi, kwa kuwa baada ya maziko huweza kuonekana limezibia tundu la paa au ua wa kuku, uso na jina vikiwa bado vinang'aa.

Jambo hili linatugusa sisi wa idara za lugha kwa namna ya pekee. Mwanafunzi anayetumwa kukusanya maandishi ya makaburini hurudi na picha na orodha, na orodha hiyo hutiwa katika hifadhi ambamo hakuna jua wala mchwa. Kanuni za maneno, umbo la herufi, lugha iliyochaguliwa, tahajia ya irabu, yote hayo yaweza kunakiliwa bila jina kamili. Kabla ya kulinakili jina na aulize bomani, na kama aliyekufa ni mtoto, asiulize kwa kulitaja.