Kulitungika Bomba la Moshi la Altezza

Fundi wa karakana moja ya Ilala, ambaye kijana jirani yangu alimpelekea Altezza yake ili afungiwe eksozi ya michezo, alikaa chini ya gari lile takriban saa nzima pasipo kukaza hata nati moja. Na kijana, aliyezoea mafundi wafungao na kukaza kwa pumzi moja, akaanza kupandwa na ghadhabu, akidhani fedha zake zimemwangukia mzembe. Mimi nami, niliyefuatana naye kwa udadisi tu, nilikawia kutambua kwamba kile kilichofanana na uzembe ndicho kilichokuwa kiini cha kazi.

Gari lenyewe ni RS200, lenye injini ya 3S-GE, silinda 4 za safu moja, ambayo Toyota iliitoa kiwandani na nguvu farasi 210 ilipofungwa giaboksi ya mkono. Yafaa nieleze mapema, ili msomaji asighurike kama alivyoghurika mwenye gari, kwamba kilichobadilishwa ni kile kilicho nyuma ya masega tu, hata kufika kwenye bampa. Na sehemu hiyo huongeza nguvu haba mno. Masega yenyewe, ambayo kazi yake ni kupunguza sumu iliyomo katika moshi, fundi alikataa katakata kuyang'oa, japo aliahidiwa nyongeza. "Hilo, mwanangu, katafute mwingine," alisema, akaendelea na shughuli zake. Anunuaye eksozi ya namna hii, basi, hununua sauti, na pengine kilo chache za uzito zilizopungua, wala si aibu maadamu ajue anachokinunua.

Kulitoa bomba la kale hakukuwa na hadithi ndefu: boliti zilizoganda kwa kutu zilikuwa zimenyunyiziwa mafuta tangu jioni ya kuamkia siku ile, mbili zikakatwa kwa msumeno, na raba zinazolining'iniza bomba zikapakwa maji ya sabuni ili zikubali kuteleza katika vyuma vyake. Moja ilikuwa imepasuka. Fundi akazibadilisha zote.

Ustadi ulianza katika kulitungika bomba jipya. Vipande vyake vitatu viliunganishwa, gasketi mpya zikatiwa baina ya flanji, nati zikazungushwa kwa vidole tu, kisha mzee yule akawa analisukuma bomba huku na huku, akipima nafasi iliyopo baina yake na diffu, baina yake na sakafu ya gari, na baina ya mdomo wake na bampa. Asipoona upana wa vidole viwili, hulegeza akaanza upya. Sababu yake yapatikana katika hesabu nyepesi. Chuma kisichoshika kutu hurefuka kwa karibu milimita 1.7 katika kila mita moja kipandapo joto kwa nyuzi 100. Kwa hiyo bomba la mita 3, likipanda kwa nyuzi 300, hurefuka kwa milimita 15 na ushei, ilhali sakafu iliyo juu yake haikurefuka hata chembe. Tena injini, iliyokalia raba zake, hujipinda kila dereva akanyagapo mafuta, nayo huuvuta mfumo mzima. Bomba lililokazwa hali limelazimishwa, raba zake zimevutika upande mmoja, halina pa kuupeleka urefu huo: ama litagonga sakafu njiani, ama litapasuka kwenye mshono, na hapo mwenye gari humlaumu mchomeleaji, kumbe kosa lilikuwa la spana. Fundi wetu alipokwisha kuridhika kwamba bomba limetulia kwa uzito wake lenyewe, ndipo akakaza, akianzia penye masega na kurudi nyuma, kila flanji kwa zamu, kidogo kidogo.

Injini ikawashwa, kijana akatabasamu, tukaingia Barabara ya Pugu. Na tabasamu halikudumu. Kila injini ilipofika mizunguko 2400 kwa dakika, nao ndio mwendo wa safari tulivu, gari lilijaa mvumo mnene uliokaa kifuani kama homa. Sailensa ya kiwandani huwa na vyumba ambamo mawimbi ya sauti hugonga kuta, yakarudi na kufishana. Hii ya michezo ni bomba lenye matundu, lipitalo moja kwa moja, lililofumbatwa na nyuzi za kioo, ambazo huzinywa vyema sauti nyembamba lakini sauti nene huziacha zipite.

Dawa aliyoitumia fundi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Injini ya silinda 4 hulipua mara mbili katika kila mzunguko, hivyo mizunguko 2400 kwa dakika ni milipuko 80 kwa sekunde. Katika moshi wenye joto la nyuzi 300, sauti husafiri kama mita 480 kwa sekunde. Ukigawa, kila wimbi lina urefu wa mita 6. Basi alichukua bomba la mita 1.5, yaani robo ya wimbi, akaliziba ncha moja, na ncha ya pili akaichomelea ubavuni mwa bomba kuu. Wimbi liingiapo humo huenda na kurudi mita 3, nusu ya urefu wake, likalikuta linalofuata likiwa kinyume chake: hili lisukumapo, lile huvuta. Kwenye mizunguko 4000 bomba hilo halina faida yoyote, nako ndiko kijana alikotaka kelele zake zibaki.

"Sasa moshi utatokea wapi humo, mzee?" kijana aliuliza, akilitazama lile bomba lisilo na mlango.

"Hautoki," alijibu fundi, na kijana akalipa, uso umemkunjika kidogo.

Tulirudi Pugu tukizungumza kwa sauti ya kawaida. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, mzee aliingia tena chini yake na spana: nati mbili za flanji ya kati zilikubali robo ya mzunguko.