Shaba haina zambi

Tumesoma tena kazi ya Jeffrey Sachs na Andrew Warner, wataalamu wa Marekani, iliyotoka mwaka 1995. Neno lao ni hili: inchi zilizotegemea sana kuuzisha mali ya udongo kwa mwanzo wa miaka ya 1970 ziliendelea polepole kuliko zingine, mpaka mwisho wa miaka ya 1980. Watu wengi wanaliita jambo hilo laana.

Hesabu zao ni za kusifiwa. Lakini wanapima nini? Hawapimi shaba iliyomo ndani ya udongo. Wanapima sehemu ya mali hiyo katika utajiri wote wa inchi. Basi, pahali mashamba ni zaifu na viwanda ni vichache, sehemu ile inakuwa kubwa, hata kama shaba yenyewe ni kidogo. Hivi umaskini unaweza kuhesabiwa kama wingi wa mali.

Tutazame kwetu. Mwanzo wa mwaka 1967 Leta ilitwaa kazi ya Union Minière; kompani mpya nyuma iliitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476.000 za shaba. Mwaka 1994, karibu tani 30.000 tu. Je, shaba ilikwisha? Hapana. Feza za kutengeneza mashini zililiwa, na mwaka 1990 shimo la Kamoto likaanguka. Leo Congo inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, toka udongo ule ule.

Mwaka 1967 vilevile almasi ilionekana kule Orapa, katika Botswana, inchi maskini sana wakati ule. Sheria ilitia haki ya madini mikononi mwa Leta, na feza zikajenga masomo na barabara. Kwa miaka makumi inchi ile iliendelea mbio kuliko karibu zote za dunia. Lakini ingali inategemea almasi mno, na bei ikishuka inaumia. Hapo Sachs na Warner wanasema kweli.

Kazi hii isomwe, lakini tujihazari na neno la laana tunapofundisha watu. Tukilaumu udongo, mwizi anapumzika. Afazali tuulize: tani ngapi zilitoka, feza zilikwenda wapi, na nani alishika daftari?