Aziz Ni Nani Wake?
Nimesoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022) ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, nikiwa Mazinde, palipokuwa mji wa Semboja, njiani mwa misafara ya Pangani. Imenichoma kuliko ile ya Kiingereza. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na mjomba, hivyo Aziz, anayemchukua Yusuf kwa deni la baba yake, hana upande. Sikio la Mswahili huuliza hapohapo: ndugu wa baba au wa mama? Si wa yeyote. Ni mdai. (Na zile sarafu alizokuwa akimpa mtoto!) Wenzangu darasani wanasifu safari ya bara, mimi kilichonitisha ni Khalil kumkataza Yusuf kumwita hivyo.