Mrubuni: Asili na Maana ya Neno

Mara nyingi katika insha za wanafunzi wetu, mwanamume ahadaaye wanawake huitwa "mpenzi wa wanawake" au "Don Juan". Sisi twaona kwamba jina la kwanza lampa sifa asiyoistahili, na la pili hutumiwa bila kujali lilikotoka.

Don Juan alizaliwa jukwaani, katika tamthilia ya Kihispania El burlador de Sevilla, iliyochapishwa yapata mwaka 1630 na ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya Tirso de Molina. Neno burlador si mpenzi. Ni mwenye kuhadaa na kudhihaki. Naye hutenda kama aitwavyo. Kwa Isabela aingia gizani akijisingizia kuwa mchumba wake. Tisbea mvuvi na Aminta, bibi arusi wa shamba, awaahidi ndoa kisha atoroka. Aonywapo juu ya hukumu ya Mungu, hujibu kwamba siku ya kulipa ingali mbali. Mwishowe sanamu ya mzee aliyemwua yamshika mkono na kumwangamiza. Waandishi waliofuata hawakuwa wakali hivyo wote. Katika utenzi wa Byron, ulioanza kutolewa mwaka 1819, Don Juan hutongozwa zaidi ya anavyotongoza. Hivyo jina likapata mvuto, na hatia ikafunikwa.

Je, Kiswahili chatupa neno gani? Mkware hutaja wingi wa ashiki. Mzinzi hutaja tendo lenyewe. Yote mawili ni maneno mazuri, lakini hayagusi hila. Neno litufaalo ni mrubuni. Asili yake ni rubuni, au arubuni, neno lenye chimbuko la Kiarabu, yaani fedha itangulizwayo ili kufunga mapatano ya biashara. Ndipo kikaja kitenzi kurubuni: kumvuta mtu kwa ahadi au kitu kidogo ili umpunje. Mrubuni huitanguliza ahadi ya ndoa kama arubuni, wala hana nia ya kumaliza bei. Huyo ndiye Don Juan wa Sevilla hasa.

Walimu wenzetu, uteuzi huu si pambo. Tukisema msichana "alipendwa na mpenzi wa wanawake", lawama humrudia yeye kwa kutojihadhari. Tukisema "alirubuniwa", sarufi yenyewe yaonyesha kwamba yuko aliyetenda, na maana yaonyesha kwamba huyo ndiye aliyevunja mapatano. Tuwafundishe wanafunzi neno hilo pamoja na asili yake.