The Jungle: tuliona nyama, hatukuona mfanyakazi

Ndugu zangu, ku fakilte tulisikia The Jungle ya Upton Sinclair mu somo la usafi wa chakula tu: kitabu cha 1906, viwanda vya nyama vya Chicago, kisha Marekani ikapitisha sheria ya kukagua nyama mwaka ule ule. Nikaandika mu kaye, basi.

Juzi nimekisoma chote. Kumbe nyama ni kurasa chache! Kitabu ni cha Jurgis, mhamiaji toka Lituania: anaumia mguu kazini, mshahara unakatika, bibi yake anakufa akizaa. Mwishoni ni hotuba tupu, Jurgis anapotea humo. Hapo Sinclair amenichokesha.

Lakini ile sheria haikugusa mshahara wa wachinjaji. Kaye yangu ningali nayo. Jina la Jurgis halimo.