Karani ambaye riwaya zetu zilimruka



Nimemaliza kusoma tena Le bel immonde ya Mudimbe, ile ya 1976. Mudimbe ni wetu: alizaliwa Likasi mwaka 1941, alifundisha hapa Lubumbashi. Kitabu ni kizuri, sikatai. Kuna waziri asiye na jina, baa za usiku Kinshasa, uasi wa miaka ya 1960, na msichana ambaye watu wake wanamtuma amchunguze huyo mukubwa. Unafunga kitabu umeshamchukia waziri. Mimi nabaki na swali moja: huyu mutu alitoka wapi?

Maana mawaziri wa wakati ule hawakuanguka toka juu. Chuo kikuu cha hapa kwetu kilifunguliwa 1956, miaka 4 tu mbele ya uhuru. Wenye diplome walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Waliokalia viti vya bazungu, wengi wao jana yake walikuwa makarani, wale tuliowaita ba-evolue. Mudimbe anatuonyesha kitambi cha waziri, lakini hatuonyeshi shati la karani. Hapo njo riwaya inanipungukia: inahukumu mtu bila kusikiliza utoto wake.

Utaniambia, Lomami Tchibamba je? Kweli, yeye mwenyewe alikuwa karani. Mwaka 1945 aliuliza kwenye La Voix du Congolais nafasi yetu itakuwa ipi katika dunia ya kesho, na swali lile lilimletea shida na wakubwa. Miaka 3 baadaye anatoa Ngando: mtoto wa Kinshasa, mto, mamba. Ofisi haimo. Mimi naona alijua mamba anaandikika, shefu wa ofisi haandikiki.

Babu yangu alikuwa karani. Aliishi hapa Katuba mpaka kufa, kila asubuhi shati limepigwa pasi, hata miaka ambayo pensheni haikuingia. Bukari alikula kwa uma, mezani, na sisi wajukuu tulicheka chini chini. Siku moja nilimuuliza. Akanijibu: «Balikuya ku nyumba. Baliangaria sani, baliangaria kitanda, baliuliza mama yenu kama anajua kusoma. Mi nilikuwa nasimama tu.» Ilikuwa ile immatriculation iliyoanza 1952, mweusi kuthibitisha mbele ya mzungu kwamba amestaarabika. Hakuipata. Uma aliendelea nao.

Nilikuwa namuona mtumwa wa bazungu. Leo nina diplome miaka 3, nazunguka na bahasha. Juzi, mbele ya ofisi moja ya mjini, nilisikia ninavyorekebisha Kifaransa changu kabla ya kugonga mlango, na mkono mwingine unanyoosha kola. Niliona mkono wa babu.

Ndiyo maana sikubali tena karani awe kichekesho au waziri mwovu tu. Alidanganywa, na alidanganya pia. Wengine waliotoka katika kundi lile walikula nchi. Riwaya inayoshika yote mawili ndani ya mtu mmoja, toka siku ya ukaguzi wa sahani mpaka siku ya kiti cha wizara, mimi sijaisoma bado.

Kama kwenu kuna mzee wa wakati ule anapumua, muende mukakae naye na kaye na bic. Mumuulize nani alikuja kuhesabu sahani.