Chuck McGill: mwivu, hasidi au kaka mwenye kinyongo?

Ukiwasikiza watazamaji wakimjadili Chuck McGill, yule wakili mzee wa tamthilia ya runinga ya *Better Call Saul* (2015–2022), utasikia wakimwita mwivu, basi. Neno hilo halimtoshi.

Mwivu hutamani alicho nacho mwenzake. Chuck atamani nini cha mdogo wake Jimmy? Jina lake limo katika jina la kampuni kubwa ya mawakili mjini Albuquerque, na mahakimu wanamheshimu. Jimmy ni tapeli aliyepewa kazi ya kupanga barua katika kampuni hiyo hiyo, akasoma sheria kwa njia ya posta, akafaulu. Chuck anampongeza, kisha pembeni anamwambia mshirika wake Howard asimwajiri. Lawama anamwachia Howard abebe kwa miaka. Huyo si mwivu, ni hasidi: anataka mwenzake akose, hata kama yeye mwenyewe hapati kitu. Na ni Jimmy huyo huyo anayempelekea barafu na magazeti, maana Chuck anaamini umeme unamdhuru.

Chini ya husuda pana kinyongo. Mama yao akikata roho, Chuck ndiye aliyeketi kando ya kitanda. Mama akaita jina la Jimmy. Chuck hakumwambia mdogo wake kamwe. Kwangu mimi, hiyo ndiyo mizani ya mhusika mzima.

Lakini watunzi, Vince Gilligan na Peter Gould, wamempa mkinzani huyu ukweli. Jimmy kweli alighushi hati za kesi ya benki ya Mesa Verde. Katika kikao cha nidhamu cha mawakili (msimu wa tatu, 2017), Chuck anayasema hayo, kisha anateleza hadi makosa ya Jimmy alipokuwa mtoto wa miaka tisa. Ushahidi ni wa kweli, ila wasikilizaji wanasikia chuki tu.

Mtu wa Matulo hatahitaji kuelezwa sana. Katika kesi za urithi, ziwe Webuye, Bungoma au Kitale, sauti hiyo inajulikana: eti huyu mdogo ni mlevi, akipewa sehemu yake ataiuza kesho. Pengine ni kweli! Hata hivyo, wazazi wote wawili wakifa bila wosia, kifungu cha 38 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, huwagawia watoto sawasawa. Hakiulizi nani mwema. Chuck, mjuzi wa sheria kuliko wote, anataka tabia ipimwe kwanza, na mpimaji awe yeye.

Hapa Kiswahili kina la kusema. Kaka, kwa asili, ni ndugu mkubwa. Siku hizi hata konda wa matatu ni kaka. Maana ile ya zamani ilibeba ukubwa pamoja na ulezi, na Chuck amebakisha ukubwa peke yake. Jimmy humwita kwa jina tu, jambo ambalo Kiingereza hakioni kasoro. Mfasiri angelazimika kuchagua. Mimi ningemwandikia Jimmy “kaka” hata baada ya kikao kile, hadi siku Chuck anapomwambia kwamba hakuwahi kuwa na uzito mkubwa kwake. Kuanzia hapo ningeandika “Chuck”.